Zamu ya Mwenye Kiu

Upepo wa Chalbi hauna adabu. Ukivuma kutoka mashariki asubuhi hubeba chumvi iliyosagika kama unga wa sembe, na hauulizi kama aliyesimama mbele yake ni shahidi wa Mahakama au mchunga ngamia. Uliniingia jicho la kulia, lile lile la kiapo, na machozi yakanitoka. Nikainua mkono nipanguse.

"Usilifumbe, Bi Talaso," Bwana Lihanda akasema nyuma yangu kwa upole. "Nakuomba."

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Lihanda alikuwa mtu wa Kampuni ya Miale, na kazi yake katika safari ile ilikuwa moja tu, kuangalia kwamba hatudanganyi. Kama ningelifumba jicho nikiwa sijalala, kupita kupepesa kwa kawaida, mapigo ya moyo wangu, ambayo nayo hupimwa, yangeiambia Mahakama kwamba shahidi yuko macho na anaficha kitu, na safari nzima ingehesabiwa kwamba haikutembewa. Basi nililiacha lichome. Nikamkazia macho ngamia wa mbele huku machozi yakinitiririka, na mamilioni ya watu majumbani mwao wakaliona jangwa likitikisika kana kwamba liko chini ya maji. Hayo ndiyo maji pekee tuliyokuwa tumewaonyesha tangu tuanze.

Vijana wa siku hizi hawaamini ukiwaambia kwamba zamani picha ilikuwa ushahidi. Mashine zilipojua kuchora chochote ambacho mtu anataka kionekane, picha zilipoteza heshima, zikafuatwa na sauti, kisha maandishi. Aliyebaki ni mtu. Mahakama ya Ardhi huamini jicho la mtu aliye hai, aliyeapishwa, anayekwenda kwa miguu yake, jicho lililooteshwa utando unaopeleka kila linachokiona moja kwa moja kwenye ghala la majaji, na kutoka hapo kwa umma. Sauti haichukuliwi. Maneno, walisema majaji, yameshaoza. Utando huo ukishashikana na jicho hautoki wala hauzimiki. Anayetaka kuutoa huutoa pamoja na jicho lenyewe. Nilikubali masharti hayo nikiwa msichana, tena kwa kujivuna.

Sheria yenyewe ni fupi. Ardhi ambayo shahidi ameiona ina maji ya wazi, na wanyama wanayanywa, haifunikwi. Kampuni ya Miale ilikuwa imeomba kuitandaza Chalbi nzima vioo vya kuvuna jua, kuanzia karibu na ziwa hadi chini ya vilima vya Huri. Chama cha Hifadhi kikaweka pingamizi, na Mahakama ikaagiza shahidi apelekwe. Ubishi ukabaki kwenye njia ya kupita. Chama kilitaka njia yenye jina, itakayovuta watazamaji. Kampuni ilitaka njia ambayo hakuna aliyeichagua kwa hila. Wakakubaliana juu ya njia ya Baroni Reinholt, mzungu aliyevuka hapa na msafara wake karibu karne mbili zilizopita akaandika kitabu juu ya nchi aliyoiita tupu. Marehemu hana upande, walisema wote wawili, wakapeana mikono.

Aliyetuongoza ni baba mdogo Galgalo, ndugu ya marehemu baba yangu, mwenye ngamia watatu na maneno machache. Babu zake ndio waliomwongoza Reinholt, kwa hiyo Chama kilimtafuta kwa furaha kubwa. Nilitegemea angenionyesha nchi ya wazee wangu. Badala yake alitupitisha mahali pakavu baada ya mahali pakavu, hatua kwa hatua kama kitabu kilivyosema, na nyayo za choroa, wale swala wakubwa wa pembe ndefu, tulizozikuta zilikuwa zikikata njia yetu na kwenda kwingine. Kituo kilichobaki kilikuwa kimoja, nacho ni kaburi. Baada ya kaburi ni uwanda wa chumvi mtupu hadi mwisho wa njia, na baada ya mwisho wa njia, vioo.

*

Tuliliona tangu mbali, kwa sababu Chalbi haina kingine cha kuonekana. Ni rundo la mawe meusi, refu kupita ngamia aliyesimama, pana kama nyumba. Ramani zinaliita Kaburi la Mfalme, kwa kuwa Reinholt aliandika kwamba aliwakuta watu wakiomboleza mbele ya kaburi bichi, naye akavua kofia, akaweka jiwe. Sisi hatujawahi kuwa na mfalme, lakini hakuna aliyeona haja ya kumsahihisha.

Kwetu mtu hapiti kando ya kaburi la njiani kama anayepita kichaka. Unaokota jiwe, unaliongeza, ndipo unakwenda zako. Wachungaji wameweka, askari wa mkoloni wameweka, watafuta mafuta wameweka, na watalii wameweka wakapiga picha. Hata kanuni za safari yetu zililikumbuka jambo hilo: shahidi haruhusiwi kugusa wala kusogeza kitu chochote njiani, isipokuwa jiwe moja pale kaburini, kwa kuwa Reinholt naye aliliweka.

Baba mdogo aliweka lake kwanza, akinong'ona. Lihanda akatafuta kwa muda, akachagua jiwe lenye mshipa mweupe, akaliweka upande wa mashariki kwa mikono miwili, kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani. Alikuwa mtu wa adabu, na nilikereka kwamba ni mtu wa adabu. Adui mkorofi hurahisisha kazi.

Langu lilikuwa mkononi tayari. Lakini kabla ya kuliweka ilinipasa kusikiliza. Tulikuwa na kifaa tunachokiita sikio, kijiti cha chuma kinachopigiliwa ardhini, na waya wake mwembamba huingia sikioni kwa shahidi. Hupokea mitetemo ya chini na kutofautisha mwamba, mchanga mkavu na mchanga uliolowa. Mahakama haipokei kinachosikika, kwa sababu zile zile, ila shahidi anaruhusiwa kukitumia ili ajue pa kupeleka jicho. Nilikuwa nimekipigilia kila kituo, na kila kituo kilinyamaza.

Pale hakikunyamaza. Maji yaliyo chini ya ardhi hayaimbi, hilo tuwaachie washairi. Yanasikika kama mtu anayekoroma chumba cha pili. Nilishika pumzi, nikakichomoa kijiti, nikakipigilia tena karibu zaidi na mawe, na yule mtu akakoroma karibu zaidi.

Nikalizunguka rundo polepole. Upande wa mashariki palikuwa na mavi ya choroa, mabichi. Na mawe ya chini, ambayo yalipaswa kuwa meupe kwa vumbi la chumvi kama mengine yote, yalikuwa safi yanang'aa, mengine yamelika katikati. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yamelika kwa ndimi. Wanyama walikuwa wakija pale kulamba unyevu uliopanda usiku kupitia mawe. Jicho langu liliyaona hayo yote, na watazamaji waliyaona, ila nadhani hakuna aliyejua anachokiona.

Lihanda alikuwa mbali kidogo, amevua viatu, anahudumia malengelenge. Nikamfuata baba mdogo alipokuwa na ngamia.

"Baba," nikamwambia, "chini ya kaburi kuna maji."

Aliendelea kukaza kamba ya shehena. Kisha mikono yake ikasimama.

"Yako hai?" akauliza.

Hakuuliza maji gani. Nikamjibu kwamba yako hai, tena si mbali. Basi mzee yule, ambaye hata kwenye mazishi ya kaka yake alisimama kama nguzo, alikaa chini kwenye chumvi akalia. Niligeuza uso. Kugeuza uso si kufumba, na sikutaka mamilioni ya watu wamwone.

*

Alinieleza pale pale, kwa sauti ya chini, nami nikiwa nimempa mgongo nikiutazama upeo wa macho.

Reinholt alikuja wakati wa kiangazi kikali, na msafara mrefu wa punda na ngamia na watu wenye bunduki. Wazee wetu walikuwa wameshasikia kutoka kwa majirani kwamba wageni wa namna ile wakiona kisima wanakichora, na kikishachorwa huja wengine, na wale wengine hawaulizi zamu ni ya nani. Kisima chetu kilikuwa kifupi, cha kuinama na kata tu, hakina ubavu wa kushibisha msafara. Wakakitandikia magogo ya mgunga, juu yake ngozi, juu ya ngozi mawe, na wanawake wakakaa pembeni wakaomboleza. Reinholt akavua kofia. Walimpa maji ya viribani, wakampitisha njia ambayo haikatizi kisima kingine hata kimoja.

"Njia hii tunayoitembea," alisema baba mdogo, "ilipangwa na wazee wako ili mtu asione kitu."

Nilicheka. Chama cha Hifadhi kilitafuta katika nchi nzima njia ya kuonyesha uhai wa Chalbi, kikachagua ile iliyotengenezwa kuuficha. Werevu wa wazee wetu ulikuwa umefaulu kupita kiasi. Reinholt aliandika kwamba nchi ni tupu, ramani zikamwamini, na sasa Kampuni inataka kufunika nchi tupu kwa vioo.

Nikamuuliza kama basi kaburi ni la uongo. Akasema hapana. Mzee Adano, baba wa zamu, ndiye aliyetoa wazo lile, na alikuwa mgonjwa. Baba wa zamu kwetu ni mtu anayekaa kisimani na kupanga nani anywe kwanza, na neno lake halipingwi hata na mwenye ngamia mia. Adano hakupenda kwamba wanawake wamelia bila maiti. Kulia bila maiti ni kukiita kifo, alisema, afadhali kinichukue mimi kuliko mtoto. Msafara haukuwa umetoweka vizuri machoni alipokata roho, na wakamlaza pale pale, juu ya magogo, mlangoni mwa kisima chake, ili maombolezo yasiwe uongo.

Wakakubaliana kwamba wageni wakishakwisha, Adano atahamishwa kwa heshima na kisima kitafunuliwa. Wageni hawakuisha. Baada ya Reinholt walikuja wenye bendera, kisha wa kodi, wa mipaka, wa mafuta, wa utafiti, wa kamera. Kila kizazi kilisema wakati bado, kikamnong'oneza mtu mmoja wa kizazi kinachofuata. Na kwa kuwa ni kaburi, kila mpitaji aliongeza jiwe, na sisi wenyewe tuliongeza, maana mtu hawezi kupita kaburi la babu yake mikono mitupu. Baba mdogo alikuwa ameweka jiwe kila alipopita, tangu ujana wake. Aliamini maji yalishakufa zamani chini ya uzito ule.

"Tumekiziba kwa heshima," akasema.

Nilimweleza upande wangu, kwa sababu alistahili kujua. Nikamwambia kwamba kisima kikifunuliwa mbele ya jicho langu na mnyama akanywa, Chalbi haitafunikwa. Nikamwambia pia kwamba siri iliyofichwa muda wote huo itakuwa imekwisha, na kwamba mimi kwa kiapo changu siwezi kumshauri afanye wala asifanye, na jiwe lolote lisingeweza kuguswa na mkono wangu. Sikumwambia ninachotaka. Nilitaka afunue. Nilitaka kwa nguvu mpaka nikaona haya, kwa kuwa si mimi nitakayemfukua babu.

Alifikiri. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna jaji aliyewahi kuniuliza.

"Hao wanaotazama kwa jicho lako, wana kiu?"

"Hapana, Baba. Wako majumbani mwao."

"Basi hawana zamu," akasema. Akasimama, akaanza kufungua ngamia wapumzike, na nikajua amekataa.

Nilikaa kivulini mwa ngamia na jiwe langu mapajani. Hasira niliyokuwa nayo sikujua niielekeze kwa nani. Tukiondoka, maji yangebaki salama kabisa, chini ya mawe, chini ya vioo, siri isiyonyweka na yeyote. Ningefika mwisho wa njia nikiwa nimetimiza kiapo bila doa, na Mahakama ingenishukuru kwa kuthibitisha kwamba Reinholt alisema kweli.

*

Choroa walikuja tulipokuwa tumenyamaza. Walikuwa wawili, jike na ndama wake, na mbavu za jike zilihesabika. Walitukwepa kwa upande wa upepo, wakaenda moja kwa moja mashariki ya rundo, mahali wanapopajua. Jike akaanza kulamba. Ndama alihangaika kutafuta nafasi, akafikia jiwe lililokuwa juu ya mengine, lenye mshipa mweupe. Akalilamba. Lilikuwa jiwe jipya, limetoka juani, kavu kama kigae. Akalilamba tena, akalisukuma kwa pua, akamwangalia mama yake.

Lihanda alikuwa ameshika kiatu kimoja mkononi. Aliliangalia jambo lile mpaka mwisho wake.

"Huyo ana kiu," alisema baba mdogo. Hakumwambia mtu. Alivua shuka yake ya juu, akaikunja vizuri, akaenda kwenye rundo. Wale choroa wakarudi nyuma, lakini si mbali. Akatoa jiwe la kwanza, akalibeba hadi pembeni, akaliweka chini.

Sasa ilibaki kwa Lihanda. Kwa kuwa sauti haichukuliwi, pingamizi hutolewa kwa kitambaa chekundu. Angekiinua mbele ya jicho langu, kazi ingesimama, na mawakili wa Kampuni wangesema kwamba kiongozi ameibadilisha njia. Alikuwa na haki hiyo. Alikitoa mfukoni, akakitazama. Akaniuliza kama ni kweli chini kuna maji, nami nikamwambia siruhusiwi kumjibu mtu wa upande wowote wa kesi. Akamwuliza baba mdogo kama ni kweli kuna mtu aliyezikwa, na baba mdogo akamjibu kwamba ni kweli, ni babu yake.

Lihanda akakunja kitambaa, akakirudisha mfukoni. Akaenda mashariki ya rundo, akachukua jiwe lenye mshipa mweupe.

"Hili ni langu," akasema. "Nililiweka mwenyewe. Nadhani mtu anaruhusiwa kuchukua chake." Akalipeleka pembeni. Kisha akarudi kuchukua lingine lisilokuwa lake.

Walifanya kazi ile mpaka jua likaanza kulala. Baba mdogo alijua mlango wa kisima uko wapi, kwenye ukingo wa mashariki ambako mawe ni machache, la sivyo wangehitaji kijiji kizima. Vidole vyao vilichubuka. Mimi nilisimama. Tangu kitu kinapoanza kufunuliwa mpaka kinapoonekana, shahidi hageuzi uso, maana akigeuza hata kidogo wakili yeyote atasema maji yalimwagwa humo wakati haangalii. Jicho lilikauka likawa kama limepakwa mchanga. Nilikuwa nikimwona mzee wa damu yangu akibeba mawe mazito, na mikono yangu michanga ilikuwa imeshika kijiwe kimoja tu.

Ilipoonekana ngozi, nyeusi na ngumu kama gome, baba mdogo alisimama akaninyooshea kiganja.

"Mwanangu, fumba macho."

Sikumwelewa mara moja. Nilikulia mjini, shuleni, na mambo mengine hayafundishwi huko. Akanieleza kwa upole kwamba maiti wa ukoo akifunuliwa, watoto wake hufumba macho mpaka afunikwe tena. Hasogezwi kwa macho, husogezwa kwa mikono. Kumtazama baba yako akiwa hana la kujisitiri ni kumvua nguo mbele za watu.

"Siwezi," nikasema. "Nikifumba, yote yamekufa."

"Basi geuka."

"Nikigeuka ni vile vile."

Mzee akashusha kiganja chake. Nilimwona ndama nyuma yake, amelala sasa, kichwa chini. Ningependa kusema kwamba nilipima mambo yote kama jaji. Sikupima. Nilijua tu kwamba nikifumba nitakuwa mtoto mwema wa ukoo wangu, na mzee atakuwa amefukua kaburi la babu yake bure. Na nisipofumba nitawapeleka watu mamilioni kumwangalia Adano. Yote mawili yalikuwa mabaya. Moja tu kati yake lilikuwa na maji ndani yake.

Baba mdogo akanipa mgongo. Akafumba macho yake, akapiga magoti, akaanza kuivuta ngozi kwa kupapasa. Lihanda, ambaye si wa ukoo wala hakuambiwa na mtu, alivua kofia na kufumba macho pia.

Mimi nilitazama.

Alikuwa amelala ubavu, magoti yamekunjwa kama mtoto. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. Mifupa ya mkono wa kulia ilikuwa imelalia kata ya mti ya kuchotea maji, na hilo lilinivunja moyo, kwa sababu walimzika na kitendea kazi chake wakijua atakihitaji wageni wakiondoka. Baba mdogo aliokota mfupa mmoja mmoja bila kuona, akaipanga kwenye shuka yake, akinong'ona majina ya wazee kwa mpangilio. Nilikuwa nikiomba msamaha ndani kwa ndani, kwa Adano, bila kuacha kumtazama. Jangwa lote lilikuwa limefumba macho isipokuwa mimi na wale niliokuja nao.

Akamfunga, akambeba, akamlaza pembeni yalipokuwa mawe. Ndipo akafumbua, akarudi, akang'oa magogo. Chini yake palikuwa na giza, na ndani ya giza kukatokea kipande cha mbingu, kinatetemeka.

*

Tulirudi nyuma upande wa chini ya upepo, tukakaa. Jike alikuja kwanza, akanusa ukingo muda mrefu kama asiyeamini. Kisha akapiga magoti ya mbele akanywa, na ndama akanywa ubavuni pake. Nilisikia wakimeza.

Sauti ya Mahakama, ambayo husema na shahidi bila kumsikia, ikaja sikioni kwangu, sauti tulivu ya mtu asiyekuwepo. Ushahidi umekamilika, ilisema. Jicho linaruhusiwa kupumzika.

Nikafumba macho. Nilikuwa nimechelewa.

Nilipoyafumbua baba mdogo alikuwa ameshakaa mlangoni mwa kisima, mahali pa baba wa zamu, ambapo hapakuwa pamekaliwa na mtu tangu Reinholt. Alikuwa ameiosha kata ya Adano. Akawachotea ngamia kwenye turubai, mmoja baada ya mwingine. Kisha akamwita Lihanda, kwa kuwa ni mgeni, na Lihanda akanywa kwa mikono iliyochubuka na kushukuru. Kisha baba mdogo akanywa mwenyewe, kidogo. Nikasogea, nikapiga magoti, nikakinga viganja. Nilikuwa na kiu kali.

Hakunichotea. Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekuwa nayo.

"Umekuja na watu wengi, mwanangu," akasema. "Siku utakayokuja peke yako, utakunywa."

Nikainuka. Aliyekaa pale hapingwi hata na mwenye ngamia mia. Nilikwenda pembeni alipolazwa Adano, ambako walikuwa wameanza kumpangia mawe yake upya, nikaweka jiwe langu nililolishika tangu asubuhi. Maji ya kufikia mwisho wa njia nilikunywa kwenye chupa, ya moto, yenye ladha ya plastiki.

Chalbi haikufunikwa. Lihanda aliachishwa kazi, na nasikia anafundisha jiografia huko kwao. Watu wanakwenda kisimani, wengi, kama wazee walivyoogopa. Baba mdogo amekaa pale pale na kata yake. Kila anayefika humwuliza kama ana kiu, na anayesema amekuja kutazama tu humrudisha, awe waziri au mwanafunzi. Chama cha Hifadhi kimelalamika mara kadhaa. Chalbi ina maji, ina choroa, na ina mtu anayepanga zamu.

Mimi nimekwenda kuonana na daktari wa Mahakama. Alinieleza tena, kama nilivyoelezwa ujanani, kwamba utando hautoki peke yake, na kwamba jicho likishaondoka halirudi. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri, nikamwomba anipangie siku kabla ya kiangazi, kwa sababu baba mdogo anazeeka na safari ya kwenda kule ni ya miguu.